Kiti cha Jumamosi

Nikipita karibu na seremala anayepaka vanishi, huwa ninavuka barabara. Wenzangu wanadhani ninaogopa kifua, nami ninawaacha na dhana yao, kwa sababu kueleza kunahitaji muda na mahali pa kuketi. Kwa watu wengi harufu hiyo ni ya arusi: kitanda kipya, kabati la vyombo, makochi yanayobebwa kwa nyimbo na vigelegele. Kwangu ni harufu ya nyumba yetu ya mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, mama akikunjua kitambaa cheupe kutoka juu ya kiti cha mdogo wangu, na sisi wengine tukikatazwa hata kuegemea ukuta ulio karibu nacho.

Mdogo wangu aliitwa Sifa. Mama aliteseka sana kumzaa, na alipotoka hakulia kama watoto wanavyolia. Alipofikia umri ambao wenzake walikuwa wakikimbiza kuku, shingo yake bado ilikuwa ikiangukia upande, mikono imekunjwa ngumi, miguu inapishana kama mkasi. Maneno hakuwa nayo. Alikuwa na macho makali, na alikuwa na sauti moja tu, "eee," ambayo aliipandisha na kuishusha mpaka ikamtosha kwa kila jambo. Mama alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, uani ili aziuze sokoni, na Sifa alilazwa kwenye mkeka chini ya ukingo wa bati, uso wake umeelekezwa kule zilikoanikwa. Kuku akisogea, Sifa alipiga "eee" ya kumfanya hata jogoo wa jirani akumbuke kwao. Papa, baba yetu, alimwita polisi wa ndagala, na alikistahili cheo hicho kuliko polisi wengi niliowafahamu baadaye.

Majirani hawakuwa watu wabaya, ila midomo walikuwa nayo. Huyu alisema mama alivuka mto Mulongwe saa mbaya akiwa na mimba, yule alisema ni jicho la mtu. Wageni wakija walimruka Sifa kwa macho kama mtu anavyoruka dimbwi, wakasalimia waliobaki. Mama alimjua kila aliyeruka. Mgeni wa namna hiyo alipewa maji ya kunywa, chai hakuiona.

Basi asubuhi moja pikipiki ilisimama mlangoni, wakashuka mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyetoka kucheka, na kijana mrefu aliyebeba mpira mkubwa wa bluu. Yule mwanamke hakutusalimia sisi kwanza. Alivua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka, akauweka uso wake karibu kabisa na uso wa Sifa.

"Jambo, mukubwa wangu," alisema. "Minye bananiita Mama Kine. Weye banakuitaka nani?"

Mama alijibu kwa niaba ya mtoto. Haikuwahi kutokea mgeni akaanza na Sifa.

Kine, kwetu, ni mtu wa hospitali anayenyoosha viungo vilivyokaza na kuufundisha mwili kazi ambazo umeshindwa kujifunza wenyewe. Hawa wawili siku za kazi walikuwa hospitalini. Jumamosi, wakati wenzao wanafua nguo na kusuka nywele, walipanda pikipiki yao wakazunguka mitaani kutafuta watoto ambao hakuna anayewapeleka hospitalini: waliofichwa vyumba vya nyuma, waliolazwa mikekani. Hakuna aliyewatuma wala aliyewalipa.

"Bule?" aliuliza jirani yetu Mama Riziki, ameegemea ua. "Mu Uvira hii? Hakuna muntu anatumika bule, dada. Utaona tu."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuona. Nilikuwa na miaka kama saba hivi na dunia niliijua vizuri sana. Watu wawili, nguo safi, wanakuja nyumbani mara kwa mara, wanakaribishwa kwa Fanta, wanazungumza na wazazi kwa sauti ya chini, na katika watoto wote wanamtazama binti mmoja tu: hao ni wakwe. Shangazi yangu alipoposwa mambo yalikwenda hivyo hivyo. Niliamua kwamba Mama Kine ana kijana wake mahali fulani, labda ng'ambo kule Bujumbura, na kwamba anamwekea Sifa nafasi mapema kabla watu wengine hawajamwona. Ilinichoma. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, mimi ndiye niliyejua kuchota maji na kumenya muhogo, na hakuna aliyeninyoosha hata kidole. Walipomkunja Sifa magoti na kumzungusha mabega taratibu, nilijua wanakagua. Walipokataa Fanta, nilijua ndoa imeingia shida.

Maana waliikataa kweli. Mama alifungua chupa, wakamwambia awape watoto. Juma lililofuata alimfunga kuku miguu na kumweka karibu na pikipiki, wakamfungua. Akawafungia ndagala kwenye karatasi, nzuri, zilizokauka vizuri, wakazirudisha kwa mikono miwili.

"Siye hatukuye kula, Mama Sifa," alisema Mama Kine. "Tulikuya juu ya mutoto. Acha tu."

Mama alicheka, lakini niliona hakufurahi. Kwetu mtu akikutendea wema ukakosa cha kumrudishia, wema ule hukwama kooni kama mwiba wa samaki. Sisi watoto hatukuwa na mwiba wowote. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Fanta iliyokataliwa tuliinywa sisi.

Mvua zilipokaribia, kijana mrefu alikuja na pikipiki imebeba kitu kilichofunikwa gunia, Mama Kine akifuata kwa miguu. Alipolitoa gunia, uani pote palinuka vanishi. Kilikuwa kiti, lakini si kiti kama tulivyozoea. Kilikuwa na mgongo mrefu na mabawa mawili ya kuzuia kichwa, kibao cha kuwekea miguu, kigingi katikati ya kuzuia magoti yasipishane, meza ndogo ya kutoa na kurudisha, na mikanda iliyokatwa kwenye gari bovu, ile ya kumfunga abiria. Walikuwa wamechanga wao wenyewe, wakampelekea seremala vipimo vya Sifa. Mbao zilikuwa nyekundu, zinang'aa mpaka niliuona uso wangu ndani yake.

Walimketisha. Mama Kine alimfunga mkanda wa kiunoni, kijana akamweka miguu. Sifa akawa ameketi wima, mbele yetu sote.

Sisahau jinsi alivyotutazama. Maisha yake yote alikuwa ametuona kutoka chini, anatujua kwa videvu na kwa nyayo. Sasa alinitazama usoni, akanitazama tena, kisha akacheka kicheko kirefu, kama mtu aliyekuwa akisikia habari za fulani kila siku na leo ndipo amekutana naye. Papa alitoka nje ya ua kwa haraka akasema anakwenda kuangalia mvua. Mvua haikuwako.

"Sikia, Mama Sifa," alisema Mama Kine. "Mutoto iko anakomaa. Kama analala tu, mugongo itapinda, na ikipinda, inaminya mapafu. Aikale humu kila siku. Akule humu, acheze humu, aangalie ndagala zake humu. Umesikia?"

"Ndiyo, daktari," alisema mama. Kwa mtu wa hospitali mama hakuwa na jibu lingine.

Na hapa ndipo moyo wangu unaponiuma. Walipoondoka, mama alimtoa Sifa, akamlaza mkekani. Akachovya kitambaa kwenye maji, akakifuta kiti chote, kigingi na mikanda, mahali palipodondokewa mate. Akakiingiza saloni, chumba chetu cha wageni, akakiweka kwenye pembe ya heshima, chini ya picha ya arusi yao, akakifunika kwa kitambaa chake cheupe cha kufuma, kile chenye maua ya waridi kwenye pindo, ambacho hata pasta wa kanisani alikuwa amekiona mara moja tu.

Msinielewe vibaya. Mama hakuwa mvivu wala hakumwonea Sifa aibu. Alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inamgonga nyuma ya magoti. Lakini mtu huishi kwa yale aliyoyaona. Sisi wa mwambao huu tumezoea watu wa msaada. Wanakuja baada ya kila mafuriko na kila vita, wanakupa turubai, ndoo, sufuria, wanakupiga picha umevishika, kisha siku moja wanarudi kuangalia. Ukikutwa ndoo imepasuka au turubai limegeuzwa pazia la choo, jina lako linatajwa vibaya, na mara nyingine mtaa mzima unarukwa. Mama alikuwa amejifunza somo hilo vizuri: kitu ulichopewa ni kitu kitakachokaguliwa. Na hawa walikuwa zaidi ya wale, kwa sababu walikataa hata kuku. Heshima pekee aliyoweza kuwarudishia ilikuwa wakute kiti chao kinang'aa kama siku walipokileta. Sifa alidondosha mate, alimwaga uji, alijikojolea. Mama alikitazama kiti, akamtazama mtoto, akachagua kutowaudhi waliompenda mtoto.

Kwa hiyo kikawa kiti cha Jumamosi. Ikifika siku hiyo, mama aliamka akamwogesha Sifa, akampaka mafuta, akamvalisha gauni la kanisani, akakunjua kitambaa, akamfunga mikanda, na sote tukakaa tukisikiliza. Sifa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisikia pikipiki. Alitupa miguu mbele, akapiga "eee" yake ya shangwe, ile ambayo kuku hawakuwahi kuisikia. Wageni waliingia, wakamkuta ameketi kama malkia.

"Angalia, angalia!" alisema Mama Kine, akipiga makofi. "Mukubwa iko mu kiti yake! Na kiti safi hivi! Mama Sifa, weye uko muntu wa kuchunga vintu."

Mama aliinamisha kichwa kwa furaha. Nadhani sifa ile ilimfanya afute kiti mara mbili zaidi juma lililofuata.

Mimi sikushangaa hata kidogo kwamba kiti hakikaliwi siku nyingine. Kwa hesabu yangu kilikuwa mahari. Mahari hailiwi ovyo, mahari huwekwa mahali watu waione mpaka siku ya arusi. Ni Papa peke yake aliyesema neno, naye alilisema kwa mzaha, kama alivyosema mambo yake yote. Alikuwa akipakua mizigo bandarini Kalundu, akirudi amechoka, akajitupa kwenye benchi letu lililolegea mguu, akakitazama kile kiti chini ya kitambaa.

"Hii kiti iko na bahati," alisema. "Minye natumika kila siku mpaka mugongo inakufa, yeye iko mu konje tu. Nani alimupa konje?"

Konje ni likizo ya kazini, nasi tulicheka. Mama naye alicheka, akanyoosha pindo la kitambaa. Ningekuwa na uwezo wa kurudi kwenye siku moja tu ya utoto wangu, ningerudi kwenye ile, nimsikie mtu mmoja katika nyumba ile akijibu swali la Papa. Hakuna aliyelijibu. Lilikuwa mzaha.

Halafu mto ulikuja. Mvua zilinyesha milimani, na Mulongwe, ambao kiangazi unauvuka bila kukunja suruali, uliteremka na mawe na miti na mabati ya watu. Tulitoka nyumbani maji yakiwa magotini. Papa alibeba godoro, mimi nilibeba sufuria na nguo. Mama alimfunga Sifa mgongoni kwa vitenge viwili, akakiweka kiti kichwani, kimezungushiwa kitambaa chake. Benchi, meza, kabati, vyote viliachwa vikaenda ziwani. Watu waliokuwa wamesimama kwenye mwinuko walimcheka: mama gani huyu, anakufa maji na kiti kichwani? Mama alitembea shingo imenyooka, mtoto nyuma, kiti juu, na katika maisha yangu sijaona tena mtu aliyebeba mapenzi yake yote kwa wakati mmoja namna ile.

Tulihamia Kilibula, mtaa mwingine wa mji uleule, chumba na saloni, kwenye nyumba ya kupanga. Mama Kine hakujua tulikokwenda. Halafu kukawa na risasi milimani, barabara zikawa za wasiwasi, tukasikia kwamba yeye na mwenzake wamepelekwa mbali kusaidia kwenye hospitali nyingine. Jumamosi zikapita bila pikipiki. Mwanzoni mama aliendelea kumvalisha Sifa gauni na kumketisha. Kisha aliona hakuna maana kuchosha kiti bure kama wenyewe hawaji. Akakifunika, kisubiri.

Sifa hakusubiri. Watoto hukua hata wakiwa wamelala. Alirefuka miguu, akarefuka mikono, na mgongo wake ukaanza kwenda upande, polepole, kama mmea ulioota chini ya jiwe. Mama alimkanda kwa mawese. Mama alimwombea. Mimi niliona bega moja limepanda kuliko jingine, nikadhani ndivyo alivyoamua kukua. "Eee" yake ikawa fupi. Kuku wa Kilibula walimzoea, wakawa wanadonoa ndagala pembeni mwake bila hofu, naye akiwatazama tu.

Miaka ilipita kabla Mama Kine hajatupata. Aliuliza sokoni, akaelekezwa na wauza ndagala, akaja kwa miguu, peke yake, na nywele zimeanza mvi. Mama alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia, akaniita nikimbie dukani. Na kabla mgeni hajaketi, mama alikwenda kwenye pembe akafunua kitambaa kwa mikono miwili. Kiti kiling'aa. Kulikuwa na watu katika nyumba ile waliozeeka, waliougua, waliolala njaa. Kiti hakikuwa na hata mkwaruzo.

Mama Kine alipiga magoti mkekani, akamsalimia Sifa kama siku ya kwanza, "Jambo, mukubwa wangu," na Sifa alimjua, alitupa miguu. Kisha alimwinua, akajaribu kumketisha. Nyonga hazikuingia. Mabawa ya kichwa yalimfika mabegani. Mgongo uliopinda uligoma kulala kwenye ubao ulionyooka, na Sifa akalia. Mama Kine alimrudisha taratibu. Akakigeukia kiti, akakitazama kwa muda mrefu. Akaushika mkanda. Ulikuwa mgumu bado, mkunjo wake ni uleule wa siku kilipofungwa.

"Mama Sifa," aliuliza, "hizi siku zote, mutoto alikuwa anaikala wapi?"

"Mu mukeka," alisema mama, na ninaikumbuka ile fahari sautini mwake. "Kiti yenu, daktari, tuliichunga. Hata mayi ilikuya, ikabeba vintu yote, kiti yenu nilibeba na kichwa yangu."

Mama Kine alikaa chini, palepale sakafuni. Nilifikiri amechoka na safari. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika.

"Ni minye," alisema. "Nilikuwa nakuya samedi, namukuta mu kiti, napiga makofi. Sikukuulizaka hata siku moja: na lundi? Na mardi? Ni minye sikuuliza."

Alimweleza mama upya, polepole, yale aliyoyaeleza siku ya kwanza: mtoto akae kitini Jumatatu, Jumanne, kila siku, si Jumamosi tu. Safari hii mama hakusema "ndiyo, daktari". Alisikiliza, akakitazama kiti, akautazama mgongo wa Sifa, akakitazama kiti tena. Niliuona uso wake ukielewa. Ningependa niseme kwamba alilia, ingekuwa afadhali. Alikichukua kile kitambaa cheupe, akakikunja, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama kitabu cha sala, akakishikilia.

Mama Kine alianza kuja tena, akajaribu kila alichokijua: mito, mazoezi, namna ya kumlaza ubavu. Kiti kingine kikazungumzwa, cha umbo jingine, la kufuata mgongo wake ulivyokuwa. Lakini kila msimu wa mvua kifua cha Sifa kilikuwa kikijaa, na kila msimu kilichelewa zaidi kupona. Mapafu hayakuwa na nafasi. Katika mvua mojawapo alituaga. Alikuwa ameanza kuwa msichana, na tulimvika gauni la kanisani la kwangu, kwa sababu ya kwake yote yalikuwa ya mtoto.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa mama hayakungoja wajukuu. Yaliingia nyumbani siku ileile, yakaketi. Sikumlaumu, na sijui nani angethubutu. Ninachojutia ni kitu ambacho hakina mwenyewe: kwamba watu walitoa Jumamosi zao kwa moyo mweupe, na mama akapokea kwa moyo mweupe, na katikati ya mioyo miwili myeupe mtoto akalala mkekani.

Kiti kilibaki. Mama hakukifunika tena, lakini hakukitoa. Alikipitia kila siku akienda jikoni, miaka yote hiyo, na hakuna aliyethubutu kuketi wala kuuliza. Papa alifariki naye bila kuutaja tena ule mzaha wake.

Mwaka jana watu waliteremka kutoka Bijombo, milimani, wakikimbia mapigano, na binti mmoja akapanga chumba nyuma ya kwa mama. Ana mume aliyebaki juu na ng'ombe, na mtoto mmoja, Amani, ambaye shingo yake haisimami. Mama Kine magoti yamemchosha siku hizi, lakini amefundisha vijana, na Jumamosi bado wanazunguka, bure vilevile. Msichana mmoja katika hao alimpata Amani. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama, tukawasikia uani: mtoto anahitaji kiti, alisema msichana, na mbao hawajapata, wavumilie.

Mama aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kiti amekikumbatia, akakiweka chini mbele ya Mama Amani bila salamu.

"Iko ya Amani," alisema.

Msichana wa kine alikizunguka, akavuta mikanda, akapima kwa mkono, akasema kinamfaa kabisa. Mama Amani alikuwa ameziba mdomo. Alifungua kitenge alichojitanda kichwani, akainama, akaanza kukifuta kiti, mabawa, meza, kigingi, kwa heshima yote ya mtu ambaye hakutegemea kupewa kitu.

"Aksanti, mama. Aksanti sana," alisema. "Nitaichunga. Mungu iko ananiona. Nitaiweka mu nyumba, nitaifunika, hata vumbi haitaifikia."

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama, mikono inaning'inia, na uso wake ni uleule wa siku Mama Kine alipokaa sakafuni. Nilitaka kusema neno, kumwokoa, lakini alikwisha kugeuka kwenda jikoni. Alirudi na sufuria ya uji wa asubuhi, ule tunaouita buyi, umepoa umeganda juu. Akachota kwa mwiko, akaumwaga katikati ya kiti. Akachota tena, akaumwaga mezani. Mama Amani alipiga ukelele, akataka kufuta kwa kitenge, na mama akamshika mkono.

"Acha," alisema. Akaweka sufuria chini, akaupaka uji kwa kiganja chake, kwenye mgongo wa kiti, kwenye mabawa, kwenye ile mikanda iliyokuwa haijawahi kuonja kitu, akisugua mpaka mng'ao wote ukafa. "Njo hivi. Sasa imechafuka. Hauna tena kintu ya kuchunga, umesikia? Leo, kesho, lundi, mardi. Akule humu, akojoe humu, aiharibu. Minye ndiye nakuambia. Muikalishe."

Alikuwa analia sasa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na hakujaribu kuficha. Mama Amani alimtazama, akanitazama mimi, kisha akamtoa mtoto mgongoni, akamketisha juu ya ule uji. Mama alimfunga mikanda mwenyewe. Amani aliegemeza kichwa kwenye bawa, akatutazama usoni mmoja baada ya mwingine. Halafu akapiga ngumi yake mezani, uji ukaruka mpaka kwenye blauzi ya mama, na mama hakujifuta.